Tarishi Neđa na Mbwa

Kaka yangu Vojin alipatwa na homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka minne. Alipopona, kengele ya kanisa iliyo ng'ambo ya barabara ikawa inalia na yeye amelala fofofo. Sauti yake haikupotea, ila ilikua bila mwenyewe kuisikia, ikawa nzito na yenye mikwaruzo, na mgeni akiisikia alidhani anagombezwa. Kumbe Vojin anauliza chumvi iko wapi.

Mimi ni mdogo wake. Nilianza kuongea naye kwa mikono kabla sijajua kwamba kwenye nyumba nyingine watu hawaongei hivyo. Mama yetu, Persida, alijua ishara za nyumbani: njoo ule, vaa kofia, umechelewa. Baba hakujua hata moja. Si kwamba hakumpenda mwanawe. Alikuwa tarishi wa posta, Nedeljko Ćurčin, mji wetu mzima wa Stari Mlin ukimwita Neđa. Alizunguka na baiskeli tangu asubuhi, na akirudi alisema maneno yote yamemwishia kwenye malango ya watu. Yaliyobaki aliipa redio.

Redio ilikaa juu ya friji na ilikuwa ya baba. Jumapili baada ya chakula cha mchana kulikuwa na salamu: Slavka wa kijiji fulani anamsalimu mumewe aliyeko jeshini, anaomba wimbo. Baba aliwajibu watangazaji kana kwamba wamekaa naye mezani. Vojin aliutazama uso wa baba, halafu redio, halafu mimi.

"Anacheka nini?" aliniuliza kwa mikono.

"Mtu kamsalimu mama mkwe wake."

"Na hilo linachekesha?"

"Nitakwambia baadaye."

Hiyo baadaye haikuwa inafika. Supu inapoa, mtu mwingine anasema jambo jingine, na utamu wa kicheko haurudiwi mara mbili.

Vojin alisomea uchapaji katika shule ya viziwi Belgrade, akapata kazi katika kiwanda cha uchapaji cha hapa mjini, ambako mitambo ilipiga kelele kiasi kwamba wenye masikio nao waliongea kwa mikono. Huko alikuwa na marafiki. Nyumbani alikuwa na chumba chake na magazeti yake. Majira ya baridi, mwanzoni mwa mwaka 1984, gazeti moja la sayansi lilichapa mchoro kamili wa kompyuta ambayo mtu angeweza kujitengenezea mwenyewe. Vojin alilisoma likachakaa kwenye mikunjo, kisha akaniletea jikoni.

"Wewe mwezi ujao unaenda Graz," akasema.

"Naenda kununua kahawa na sabuni ya unga."

"Na hivi."

Siku zile kununua kompyuta nzima ya nje ilikuwa taabu tupu, forodha hawakuruhusu kitu cha bei kama ile kipite. Lakini vipande vyake vidogo, vile vyeusi vyenye miguu mingi kama jongoo, viliuzwa huko Graz, Austria, na vinaenea kiganjani. Nilikuwa opereta wa simu pale posta, na wanawake wa posta tulikuwa na basi letu la kwenda kununua vitu. Nilivinunua, nikavichomeka miguu yote ndani ya sponji ya kuogea ili isipinde, nikaitupa sponji kwenye mfuko pamoja na kahawa. Mpakani afande wa forodha akaacha kahawa yote akaitoa sponji.

"Hii nini?"

"Sponji."

"Sponji naiona. Mbona imeota meno?"

"Ya kusugulia visigino, afande. Mama yangu ana magaga."

Akaigeuza, akanitazama, akairudisha mfukoni polepole. Mpaka leo sijui kama aliniamini, au kama naye alikuwa na mtu nyumbani anayesubiri jongoo wake.

Vojin alilehemu kwenye meza ya jikoni wiki nzima, mama akakatia tambi zake kwenye ubao juu ya magoti. Kasha alilitengeneza kwa mbao za kreti la tufaha. Televisheni ya baba haikuguswa, hilo lilisemwa mapema. Vojin alinunua nyingine ndogo kutoka kwa kinyozi, ya rangi nyeusi na nyeupe. Jioni moja aliunganisha yote, akawasha, na kwenye kona ya skrini likatokea neno moja kwamba mashine iko tayari.

Mama akapiga ishara ya msalaba. Vojin akaandika: Habari yako. Mashine ikajibu: NINI?

Lazima nieleze. Kumbukumbu ya mashine ile ilikuwa finyu mno, hata walioiunda hawakuwa na nafasi ya maneno mengi. Ilijua kulalamika kwa namna tatu tu. Usipoeleweka, ilisema NINI? Ukitaka lisilowezekana, ilisema VIPI? Ukiijaza ikashindwa kubeba, ilisema SAMAHANI. Basi. Vojin alipomaliza kunieleza hayo alicheka mpaka kiti kikasogea.

"Hayo ndiyo maneno matatu watu wanayoniambia kila siku," akasema. "Nini, vipi, samahani. Nimetengeneza binadamu."

Baba alipita nyuma yetu na gazeti lake. "Anacheka nini?" akaniuliza. Nikamwambia ni mambo ya mashine. Akaenda zake.

Sasa, kompyuta zile zilihifadhi programu kwenye kaseti ya kawaida, ile ile ya nyimbo. Programu ikigeuzwa kuwa sauti ilikuwa mlio: kwanza filimbi ndefu iliyonyooka, halafu mkwaruzo kama mtu anapasua bati. Unaucheza mlio ule, mashine inausikiliza, inapata programu. Na kinachoingia kwenye kaseti kinaweza kuingia redioni. Watu wa Belgrade walishaanza, na vuli ile redio ya wilaya yetu nayo ikaanza: Jumapili, mara tu baada ya salamu, mtangazaji Olivera Rackov alisema, "Wenye kompyuta wekeni kaseti zenu, wengine nendeni mkaangalie kuku," kisha anauachia mlio. Anayetaka anaurekodi, anailisha mashine yake, na programu imemfikia nyumbani bure kama mvua.

Nilimwambia Vojin. Siku hiyo hiyo akaenda kusimama mbele ya friji.

"Anataka nini na redio?" baba akauliza.

Nikamweleza.

"Redio? Atasikiliza na nini?"

Baba mwenyewe alijua amesema vibaya, lakini hakuwa mtu wa kurudisha neno likishatoka. Mama, aliyekuwa anamenya viazi, hakuinua kichwa. "Neđa," akasema, "ishushe hiyo redio, umpe mtoto."

Mtoto alikuwa na miaka ishirini na sita. Baba akaishusha.

Mara ya kwanza tulirekodi kwa maikrofoni ya redio kaseti iliyowekwa mbele ya spika. Vojin aliweka vidole viwili juu ya spika na macho kwenye mshale unaocheza wa redio kaseti. Filimbi aliijua kwa vidole: mtetemo usiobadilika. Mlio ulipoanza, baba akasema, "Wanamchinja nani huko?" Mama akadondosha kijiko. Jogoo wa jirani akawika. Yote hayo yakaingia kwenye kaseti, na mashine ilipolishwa ikapata takataka tupu.

Jumapili iliyofuata Vojin alisimama katikati ya jikoni, akamtazama kila mmoja wetu, akaweka kidole mdomoni. Sshh.

Sikuwahi kumwona baba ameshangaa vile. "Smiljka," akaninong'oneza, "kiziwi ananiambia ninyamaze?"

"Ndiyo, baba."

"Kwenye nyumba yangu."

"Nyamaza, baba, inaanza."

Tukakaa sote, mikono mapajani, tukiusikiliza mkwaruzo ule mbaya kuliko mashine ya daktari wa meno, na mmoja ambaye hausikii akitulinda kama mwalimu. Programu ikaingia. Ulikuwa mchezo wa kutua na chombo mwezini. Baadaye alitengeneza waya wa kuunganisha redio moja kwa moja na kinasa, na tukarudishiwa ruhusa ya kukohoa.

Baridi iliyofuata Vojin alijifungia chumbani. Nilijua anaandika kitu chake mwenyewe, sikujua nini. Alikata, akapunguza, akatoa jambo hapa ili aingize jambo pale, kwa sababu mashine kila mara ilimwambia SAMAHANI. Mwishoni aliniomba kaseti mpya na bahasha. Akaipeleka posta mwenyewe, akaitia kwenye sanduku la barua, na asubuhi yake baba ndiye aliyeichukua pamoja na nyingine bila kujua amebeba nini.

Jumapili moja ya Januari tulikuwa tumemaliza supu. Salamu zikaisha. Olivera akasema, "Leo tuna kitu cha kwetu, wapenzi wasikilizaji. Mchezo huu umeandikwa na Vojin Ćurčin wa Stari Mlin."

Kijiko cha baba kikasimama hewani. Nikamshika Vojin bega, nikamwambia, wamekutaja. Uso ukamwiva mpaka masikioni. Mama akajifuta mikono kwenye aproni ingawa ilikuwa mikavu.

"Na mchezo wenyewe," Olivera akaendelea, "unaitwa Tarishi Neđa na Mbwa."

Kisha mlio. Vojin alikuwa ameweka kiganja chote kwenye spika, si vidole viwili tu, na amefumba macho. Nadhani kwa muda ule alikuwa anaongea na Banati, jimbo letu lote, na anajua. Hakuona baba akisimama. Alipofumbua macho, kiti cha baba kilikuwa tupu na kofia yake haipo msumarini.

Mchezo ulikuwa hivi: tarishi anapita mtaa hadi mtaa akigawa barua, na mbwa wanamfukuza. Watoto waliupenda kupita kiasi. Kufikia Jumatano baba hakuweza kupita mtaa wowote bila mtoto kubweka nyuma ya ua. Posta nako, karani wa vifurushi, mtu mzima mwenye wajukuu, alijificha nyuma ya mlango akamngurumia.

"Neđa, umeshafika mtaa wa ngapi?"

"Nenda kapime vifurushi."

"Nasikia mbwa wa mtaa wa nne ndiye mbaya. Vaa suruali nene."

Baba hakupenda mzaha alipokuwa yeye ndiye nyama yake. Alirudi nyumbani akasimama mlangoni mwa Vojin, lakini akaongea na mimi.

"Mwambie aufute."

"Haufutiki, baba."

"Mashine ni yake, mchezo ni wake, haufutiki vipi?"

"Umeshatoka. Kila aliyerekodi anao kwenye kaseti yake. Ni kama kutaka kufuta wimbo kwenye vichwa vya watu."

"Miaka thelathini nimegawa barua mji huu," baba akasema, "sijapoteza hata kadi ya Krismasi. Na huyu ananifanya kichekesho, mpaka huko mji wa Kikinda wananicheka. Mwambie hivyo."

Nilimwambia, nikipunguza makali. Vojin alikuwa ameshaona yote usoni kwa baba. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Ameutazama?"

Baba hakuutazama. Alisema hana haja ya kutazama. Kwa wiki kadhaa walikula meza moja kama abiria wawili wa treni.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Rozalija Heđi, mshonaji wa mtaa wa mtoni, alipopiga simu kumtafuta dada yake aliyeko Subotica na mstari ukawa haupatikani, tukabaki tukiongea. Baba alimpelekea barua ya kusainiwa. Theluji ilikuwa inaanguka kwa upande, akamkaribisha ndani apashe mikono moto. Mabinti zake mapacha walikuwa mbele ya televisheni, wanacheza.

"Ndiye huyu," mmoja akasema.

"Mama, ndiye mwenyewe. Mzee Neđa, njoo ujicheze."

"Sina muda."

"Dakika moja tu. Sisi hatuwezi kupita mtaa wa nne, labda wewe unajua njia."

Rozalija alisema baba alikaa kwa hasira, kofia kichwani. Kwenye skrini tarishi alikuwa vidoti vichache vyeupe tu, ungeweza kumfunika kwa kidole. Lakini vidoti vile viliegemeza baiskeli upande wa kushoto wa lango, kila lango. Kwenye nyumba ya mjane vilinyanyua kofia. Mbwa akikaribia, tarishi alitoa mfukoni kipande cha mkate akamtupia. Na mbwa akimuuma, mchezo haukuisha kwa tarishi kufa kama ilivyokuwa katika michezo mingine. Alikaa ukingoni mwa mtaro, akapandisha soksi, akaendelea na kazi.

"Ni kweli unawapa mkate?" pacha mmoja akauliza.

Habari ya ule mkate baba hakuwahi kumwambia mtu. Mama alidhani anaula mwenyewe njiani. Aliyejua ni mmoja, aliyekuwa akibebwa mbele ya baiskeli ile wakati wa likizo za shule, miaka mingi nyuma, na hakuna aliyejiuliza anaangalia nini, kwa kuwa hakuwa anauliza kitu.

"Alicheza mpaka kahawa ikapoa," Rozalija akaniambia. "Mbwa walimuuma vibaya, Smiljka. Halafu akatoka akasahau kunisainisha."

Jioni ile baba aliingia chumbani kwa Vojin bila kubisha, ingawa kubisha kungekuwa na maana gani, akaketi kitandani. Akaniita.

"Mwambie mbwa wa Gozda haji kutoka kulia."

"Baba?"

"Mtaa wa nne. Ule ni mtaa wa Gozda, nimeutambua. Yule mbwa wake Garo hutoka kushoto, kwenye banda la kuni. Amekosea. Mwambie."

Nikainua mikono nianze. Vojin akanizuia. "Aniambie mwenyewe," akasema kwa sauti yake, huku anamtazama baba.

Baba akamgeukia, akarudia yale yale kwa sauti kubwa, kama watu wanavyowafanyia viziwi na bibi vizee. Vojin akatikisa kichwa, akanieleza kwa mikono.

"Nini tena?" baba akaniuliza. "Si walimfundisha kusoma midomo huko shule?"

"Walimfundisha. Anasema mdomo wako hauonekani." Nikasita, kisha nikamalizia kama Vojin alivyosema. "Anasema una kichaka."

Baba alikuwa na sharubu tangu alipokuwa jeshini, nene, zimeshuka zikaufunika mdomo wa juu wote na sehemu ya ule wa chini. Picha yake ya harusi ilikuwa nazo. Sidhani kama yeyote kati yetu, hata mama, hata mimi niliyejifanya mjuzi, aliwahi kufikiri kwamba kwa miaka yote ile Vojin alikaa mezani mbele ya mtu asiye na mdomo. Baba alizishika kwa vidole viwili, kama anayekagua kitu cha mtu mwingine. Akatoka.

Asubuhi alikuja kunywa chai akiwa amenyoa. Mdomo wake ulikuwa mweupe na mwembamba, wa mtu mwingine kabisa.

"Mungu wangu," mama akasema, "nani huyu kaingia nyumbani kwangu?"

"Tarishi."

"Vaa skafu, utapigwa na baridi hapo usoni."

Baba alikaa mbele ya Vojin. Akasema polepole, bila kupiga kelele, "Garo. Anatoka. Kushoto."

Vojin akasema, "Kushoto. Sawa." Akanigeukia akaniambia kwa mikono kwamba baba ana jino lililovunjika, hakujua.

Tangu siku hiyo walikaa pamoja karibu kila jioni kabla ya chakula. Hawakuzungumza mambo makubwa. Walizungumza mbwa. Baba alikuwa na malalamiko kuhusu kila mtaa: lango hili hufunguka nje, mtaa ule una matope mwezi wa tatu, hapa huwezi kupita siku ya soko. Vojin alimweleza kwamba mashine haina nafasi ya matope. "Vipi haina nafasi?" baba akasema, na Vojin akaangua kicheko, na ikabidi amweleze baba kwa nini neno lile linachekesha. Alimweleza mwenyewe, kwa sauti yake, nami niliendelea kukata kabichi.

Barua zilianza kuja. Watu waliocheza mchezo ule waliandika kutoka Zrenjanin, kutoka Vršac, kutoka vijiji ambavyo sikujua vina umeme wa kutosha. Wengine waliomba mitaa zaidi, wengine walikuwa wamegundua kosa. Baba alizileta mwisho wa mzunguko, akaegemeza baiskeli langoni kwetu, akapiga kengele.

"Una ufunguo, Neđa," mama alimwambia.

"Barua ya mtu hukabidhiwa," baba akasema.

Mwezi Machi Olivera alipiga simu posta. Alitaka Vojin aje studio azungumze, kwa sababu kila wiki wasikilizaji wanauliza ni nani huyu. Nilimweleza kwamba Vojin ni kiziwi.

"Aliyeandika programu za redio ni kiziwi?"

"Ndiyo."

"Basi lazima aje. Utamtafsiria wewe?"

Nilikuwa zamu Jumapili ile na hakuna aliyekubali kubadilishana. Mezani nilisema labda tuahirishe. Baba akaweka uma chini. "Nitaenda mimi," akasema. "Midomo ninayo."

Niliwasikiliza nikiwa kwenye ubao wa simu, kwa redio ndogo ya mkuu wa zamu. Olivera aliuliza wazo la mchezo lilitoka wapi. Nilimsikia baba akilirudia swali, neno moja moja. Halafu sauti ya kaka yangu ikatoka redioni, ile nzito yenye mikwaruzo, nikaisogeza redio karibu. Alisema alipokuwa mdogo baba alimpakia mbele ya baiskeli, na alijifunza mji mzima kwa kutazama malango na mbwa.

Maneno mengine hayakueleweka vizuri, kwa hiyo baba akatafsiri. "Anasema alikuwa anapanda baiskeli yangu. Na kwamba mimi ni tarishi bora kuliko wote Banati."

"Amesema hivyo?" Olivera akauliza.

"Hilo la mwisho nimeongeza."

"Sijasema hivyo," ikaja sauti ya Vojin, aliyekuwa ameusoma mdomo, na nikamsikia Olivera akicheka mbali na maikrofoni.

Walipomaliza, taa za ubao wangu ziliwaka zote. Bibi mmoja aliuliza yule kijana mwenye mafua ni nani. Mwanamume mmoja alilalamika kwamba sasa hata mazungumzo hayaeleweki, si mlio tu. Halafu akapiga mwanamke kutoka kijiji cha Crna Međa, jina lake Draginja. Hakutaka kuunganishwa na redio. Alitaka kuunganishwa na yule mtu. Nilimwambia mimi ni dada yake.

"Nina binti wa miaka sita," akasema. "Hasikii tangu azaliwe. Sijawahi kumsikia mtu kama yeye akiwa mkubwa. Unaelewa ninachosema? Sikujua wanakuwaje wakikua."

"Wanakuwa wabishi," nikamwambia, na yeye akacheka, kisha akalia kidogo, nami nikaacha taa nyingine ziendelee kuwaka.

Aprili Vojin alikwenda Crna Međa na kompyuta yake ndani ya kreti, amefunga kwa kamba nyuma ya baiskeli. Baba alifuatana naye kwa baiskeli yake, akisema ni kwa sababu ya mbwa wasiojulikana. Vojin alinisimulia waliporudi. Binti aliitwa Ranka, na hakutaka kutoka chini ya meza mpaka skrini ilipowashwa. Akacheza mpaka mchana ukaisha, huku Vojin akimfundisha ishara ya mbwa, ishara ya mkate, ishara ya kimbia.

Mama yake, Draginja, alikuwa anazunguka jikoni akiwapikia, akiwauliza maswali akiwa amewapa mgongo. Baba alivumilia kwa muda. Kisha akainuka, akamshika kiwiko, akamgeuza taratibu.

"Usiongee huku unakoroga," akamwambia. "Weka mwiko. Mtazame usoni mtoto, taa iwe mbele yako, ndipo useme. Usipige kelele, haisaidii. Na mkicheka mezani, mwambieni pale pale mnacheka nini, msimwekee kesho."

Mumewe Draginja, mkulima wa alizeti aliyekuwa amekaa kimya pembeni siku nzima, alikuwa anasikiliza kwa makini.

"Wewe umefanya hivyo na mwanao tangu akiwa mdogo?" akauliza.

Vojin alikuwa amekaa mkabala na baba, na mdomo aliuona vizuri.

"Hapana," baba akasema. "Tangu Februari."